Rashid Bila Jiwe Lake

Wanafunzi wenzangu, mtalii afikaye Iskandaria, Misri, huonyeshwa ngome ya Qaitbay, iliyojengwa karne ya 15 pale uliposimama ule mnara wa taa wa kale. Siku ya pili hupelekwa Rashid, karibu kilomita 65 mashariki. Huko ndiko askari wa Ufaransa walikolipata Jiwe la Rosetta mwaka 1799. Lina maandishi ya namna tatu, na ndilo lililomsaidia Champollion kufumbua maandishi ya kale ya Kimisri mwaka 1822.

Sasa jamani, mgeni anaonyeshwa nini Rashid? Nakala! Jiwe lenyewe liko London tangu 1802, baada ya Waingereza kuwashinda Wafaransa. Mmisri mwenyewe hakuulizwa.

Wapo wasemao ati kule linaonwa na wengi. Mimi sikubali. Mtoto wa Rashid atafute viza na nauli ya ndege ili aone mali ya kwao? Kama nakala inatosha, si wabaki nayo wao? Na wakilifunga jiwe, waifunge pamoja na Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wetu wa Mto Tana, iliyotwaliwa na wakoloni na kuwekwa katika makumbusho hayo hayo. Wazee wameshaiomba.