Bodi ya ICC ya Paris: Mjumbe akirudi kuomba kura, aulizwe nini?

Wadau, leo naomba tuweke pembeni siasa za majimbo. Kuna uchaguzi mwingine ambao hauna mabango, hauna fulana za bure wala helikopta, lakini unagusa mfuko wako. Nazungumzia bodi ya ICC.

Tuelewane mapema: siyo ICC ya The Hague, ile ambayo mitaani watu waliizoea kwa jina la Ocampo. Hii ni ICC ya Paris, yaani Chemba ya Kimataifa ya Biashara, iliyoanzishwa 1919. Mbongo anaifahamu hata kama jina limemtoka. Novemba 2010 wasuluhishi wa mahakama yake ya usuluhishi ndio walioamua TANESCO iwalipe Dowans takriban shilingi bilioni 94. Nchi ilichemka, bungeni mpaka vijiweni. Kila mtu akauliza Dowans ni ya nani. Waliouliza ICC yenyewe ni ya nani walikuwa wa kuhesabu.

Jibu ni kwamba ni ya wafanyabiashara wenyewe, siyo ya serikali yoyote. Kampuni na chemba za nchi zinaunda kamati za kitaifa. Kamati hizo zinatuma wajumbe kwenye Baraza la Dunia. Baraza ndilo linalomchagua mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hupewa miaka miwili, na linachagua pia Bodi ya Utendaji, ambayo mjumbe wake hupewa miaka mitatu. Muhula ukiisha, anayetaka kurudi anaomba tena.

ICC inasema inawakilisha kampuni milioni 45 katika nchi zaidi ya 170. Sasa linganisha na wapiga kura. Ni wajumbe wanaoenea kwenye ukumbi mmoja, na wengi wanajuana. Kwenye mazingira hayo aliyepo madarakani ana faida kubwa. Anajua majina ya watu, amekula nao chakula cha jioni, na hakuna anayetaka kuonekana mkorofi kwa kumuuliza maswali magumu.

Mtu atasema, "Sasa wewe mtoto wa kidato cha nne, huna hata duka, yanakuhusu nini?" Yananihusu, na wewe uliyekaa hapo kafe yanakuhusu. Fungua tovuti yoyote ya magari yaliyotumika ya Japani. Utaona bei ya FOB, na pembeni bei ya CIF mpaka Dar au Mombasa. Maana ya herufi hizo imeandikwa kwenye kanuni za ICC zinazoitwa Incoterms. Zilitoka mara ya kwanza 1936, na toleo linalotumika sasa ni la 2020.

Wengi tunaamini CIF maana yake muuzaji anabeba kila kitu mpaka gari lifike bandarini kwetu. Sivyo! Muuzaji analipa nauli ya meli na bima, lakini gari likishapakiwa melini kule Japani, hatari inahamia kwako. Na hiyo bima anayolazimika kukukatia ni ya kiwango cha chini kabisa. Inahusu majanga makubwa kama moto, meli kuzama au kugongana. Wizi haumo. Kwa hiyo gari likifika saiti mira hazipo na redio imeng'olewa, bima hiyo haikusaidii, labda mwanzoni kabisa mlikubaliana na muuzaji akate iliyo kubwa zaidi.

Sasa sikia hii. Toleo la 2020 lilipokuwa linaandaliwa, suala la kupandisha kiwango cha bima lilijadiliwa. Likapandishwa kwenye utaratibu mwingine unaoitwa CIP. CIF ikaachwa palepale, kwa hoja kwamba inatumika sana na wanaosafirisha bidhaa ghafi kwa wingi baharini. Yawezekana hoja hiyo ni ya maana kwao. Lakini jamaa aliyechanga miaka mitano anunue kigari kimoja afanye teksi anatumia herufi zilezile tatu, na mezani hakuwepo.

Kwa haki niseme kwamba bodi haikai kuandika kanuni neno kwa neno, hiyo ni kazi ya tume za wataalamu. Wala haiingilii wasuluhishi wanapoamua kesi. Ila usukani wa taasisi unashikwa na uongozi. Ndiyo maana kura ya kumrudisha mjumbe siyo suala la heshima tu.

Na heshima peke yake imewahi kuwaangusha. Mwaka 2010 kiti cha mwenyekiti wa ICC kilikwenda kwa Rajat Gupta. Wasifu wake ulikuwa mzito: aliiongoza McKinsey tangu 1994 mpaka 2003, na alikaa kwenye bodi za Goldman Sachs na Procter & Gamble. Nani angemnyima kura? Machi 2011 mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani ikamtuhumu kuvujisha siri za bodi kwa rafiki yake mfanyabiashara wa hisa. Akaachia kiti cha ICC kabla ya muda. Mwaka 2012 alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka miwili. Siri zenyewe alizivujisha 2008, yaani kabla hajapewa kiti! Simaanishi wapiga kura wa Paris walijua. Nasema kwamba wasifu unaeleza mtu amekaa wapi, hauelezi alifanya nini alipokuwa amekaa.

Upande wa pili, 2022 walimchagua Maria Fernanda Garza wa Mexico, mwanamke wa kwanza kuwa mwenyekiti tangu 1919. Piga hesabu, miaka 103. Aliyemtangulia, Ajay Banga, alitoka hapo na 2023 akawa Rais wa Benki ya Dunia. Kumbe kiti hiki ni ngazi pia. Basi anayetaka kupanda aonyeshe kwanza alichowafanyia waliomshikia ngazi.

Ningekuwa na kura, mjumbe anayeomba kurudi ningemuuliza mambo matatu tu. Moja, taja uamuzi mmoja wa muhula uliopita ambao uliupinga au uliubadilisha, na kwa nini. Mbili, mfanyabiashara mdogo wa nchi yako alikufikiaje, au mpaka awe mwanachama anayelipa ada? Tatu, bodi nyingine unazokalia ni zipi, na maslahi yake yakigongana na ya chemba unafanya nini? Akijibu kwa kutaja mikutano aliyohudhuria na picha alizopiga, apumzike, aje mwingine.

Maswali haya hayahitaji nauli ya kwenda Paris. Tanzania tuna TCCIA tangu 1988, Kenya wana KNCCI tangu 1965, na huko nako kuna viongozi wanaoomba kurudi. Kama mzee wako ana duka Kariakoo au Gikomba na ni mwanachama, mkumbushe Baba au Mama kwamba kadi ile siyo ya kutundika ukutani. Ana haki ya kuuliza kabla ya kunyoosha mkono.

Naomba kutoa hoja. Waliowahi kuagiza gari kwa CIF wakapokea pungufu watupe uzoefu wao hapo chini, na wanachama wa chemba waseme uchaguzi wao unakwendaje. Maoni ruksa, matusi hapana.