Ng'ombe Hawalali Benki

Mzazi wa Nyamuswa mwenye zizi na shamba la pamba si maskini. Lakini mtoto wake apatapo nafasi katika chuo kikuu cha Uingereza, mali hiyo haihesabiwi. Sheria ya viza yataka fedha za ada na za kujikimu zilale benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Kanada nayo, iliyotaka dola zake 10,000 za matumizi ya mwaka, ilipandisha hadi 20,635 mwaka 2024, na 22,895 Septemba 2025.

Mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza mgeni atakula nini, hilo hatulikatai. Lakini kipimo hiki hupima mfuko wa baba, wala si akili ya mtoto. Mwaka 1949 Julius Nyerere wa Butiama, jirani na Nyamuswa, alikwenda Edinburgh kwa msaada wa masomo. Mwaka 1952 alirudi na shahada, na faida ikawa ya nchi nzima.

Uingereza hukubali barua ya serikali imlipiayo mwanafunzi. Basi twasema: Serikali yetu na iwadhamini vijana waliofaulu kupita wenzao. Mzazi naye auze ng'ombe mapema, kwani mchango wa wiki ya mwisho hautimizi siku 28.