Dumu la dawa ya shamba halinyonywi kwa mdomo

Msimu wa tumbaku na pamba mkoani Katavi huingiza madumu ya viuatilifu majumbani. Sheria ya mwaka 2020 iliunda mamlaka ya kusimamia sumu hizi, TPHPA, lakini hakuna mkaguzi anayeweza kusimama kila shamba la Mpanda. Wakati wa kuhamisha dawa kutoka kwenye dumu, usalama unabaki mikononi mwa mkulima.

Usivute dawa kwa kunyonya mpira. Tone likiingia mapafuni huweza kuleta nimonia, na viuatilifu vingi hupenya hata kwenye ngozi. Tumia pampu ya mkono. Mpira ukae sawasawa, ukazwe kwa klipu, na ujaribiwe kwanza kwa maji safi. Vaa glavu, upepo ukiwa mgongoni.

Wazazi, msihifadhi dawa kwenye chupa ya soda. Mtoto hudhani ni kinywaji.

Aliyemeza asitapishwe wala kunyweshwa maziwa. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni. Mate yakimtoka kwa wingi, akitoka jasho au kupumua kwa shida, mkimbizeni hospitali pamoja na lebo ya dawa: ndiyo itakayomwelekeza daktari.