Waraka kwa Wanachama: Kichochoro Kikiachiwa, Haki ya Njia Ibaki

KWA: Wanachama wote, wenye nyumba na wapangaji
KUTOKA: Katibu, kwa niaba ya kamati
YAH: MAOMBI YA KUACHIWA MITAA NA VICHOCHORO VISIVYOTUMIKA JIJINI SEATTLE

Ndugu wanachama,

 

Katika kikao kilichopita liliulizwa swali likaachwa bila jibu. Mwenye kiwanja jirani akileta karatasi ya kuomba Jiji limwachie kichochoro ambacho hakipitwi na mtu, tutie saini au tukatae? Baadhi yenu mlisema tusaini, kwani vichochoro vingine vimegeuka majalala na hakuna anayevililia. Wengine mlisema mali ya umma haigawiwi, basi. Kamati imelijadili na kufikia msimamo huu: hatupingi Jiji kuachia ardhi lisiyoitumia. Tunachopinga ni kuachia bila kubakiza haki ya njia iliyoandikwa na kusajiliwa. Msimamo huo hautakuwa na uzito kama hakuna wa kuusema mbele ya Baraza la Jiji, na hiyo ndiyo sababu ya waraka huu.

1. Mitaa hii ilitoka wapi

Ramani za kwanza za mji wa Seattle zilisajiliwa tarehe 23 Mei 1853. Arthur Denny na Carson Boren walichora mitaa yao kwa kufuata ufuko. Doc Maynard akachora yake kwa kufuata dira. Ndiyo maana hadi leo mitaa inapinda ghafla ukifika Yesler Way. Waliokuja baada yao waliendelea kupiga mistari karatasini bila kujali sana vilima wala maji. Mistari mingine ikawa barabara. Mingine ilikutana na mwinuko ikawa ngazi, mingine ikaishia ziwani, na mingine haikufunguliwa kamwe. Imeota miti na miiba hata hutambui kama palikusudiwa pawe njia.

Hata hivyo yote iliwekwa kwa ajili ya umma siku ramani iliposajiliwa. Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Katika jimbo la Washington, kwa kawaida udongo ulio chini ya mtaa ni wa wenye viwanja vinavyopakana nao, kila mmoja hadi katikati. Umma hauna udongo; una haki ya kupita na kupitisha huduma. Jiji linapoachia mtaa, kwa hiyo, huondoa haki ya umma iliyokaa juu ya udongo, na jirani wa kulia na wa kushoto hubaki na ardhi isiyo na mzigo.

Tukilielewa hilo, hoja ya "tugawe au tusigawe" inaishiwa nguvu. Haki inaweza kukatwa vipande. Jiji linaweza kuondoa haki ya magari na kubakiza ya waendao kwa miguu. Linaweza kuruhusu jengo lisimame juu na kubakiza haki ya bomba la maji taka chini. Sheria ya jimbo yenyewe inaliruhusu Jiji kubakiza haki za huduma, yaani kujenga, kukarabati na kutunza mabomba na nyaya katika ardhi iliyoachiwa.

2. Sheria inasemaje

Sura ya 35.79 ya sheria za Washington ndiyo inayohusika, na kila mwanachama aijue kwa kifupi.

(a) Ombi hupelekwa likiwa na saini za wenye zaidi ya theluthi mbili ya mali inayopakana na sehemu inayoombwa. Mpangaji hasaini, lakini mpangaji ana haki ya kuja kusema.

(b) Baraza likipokea ombi hupitisha azimio na kupanga siku ya kusikiliza wananchi. Siku hiyo haiwi kabla ya siku 20 wala baada ya siku 60 tangu azimio. Tangazo hubandikwa mahali patatu pa hadhara mjini na pengine panapoonekana wazi kwenye mtaa wenyewe.

(c) Jiji linaweza kudai malipo yasiyozidi nusu ya thamani ya ardhi. Ikiwa mtaa umekuwa wa umma kwa miaka 25 au zaidi, au ulinunuliwa kwa fedha za umma, linaweza kudai thamani yote. Mitaa mingi ya mjini imepita umri huo zamani.

(d) Nusu ya mapato hayo lazima iende kwenye maeneo ya wazi ya umma au miradi ya usafiri ndani ya mji.

(e) Mtaa unaoishia kwenye maji hauachiwi kwa urahisi. Sheria inataka uachiwe kwa matumizi kama bandari, bustani, kufikia maji, kuegesha mashua au kutazama mandhari, na Seattle ina karibu miisho 150 ya namna hiyo. Mwanachama unayekaa karibu na Ziwa Washington, ukiona jirani ameweka maua na kibao cha "binafsi" mwishoni mwa mtaa, uliza kabla ya kurudi nyuma. Huenda umesimama kwenye njia ya umma.

Sera za Baraza la Seattle, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2018, zinakwenda mbali zaidi. Mwombaji lazima aonyeshe kwamba kazi za mtaa hazitaharibika, na mbali na hayo atoe manufaa kwa umma. Kati ya kazi hizo zimetajwa mwanga na hewa, mandhari, uhuru wa kusema na watu kukusanyika. Shikeni hayo mawili ya mwisho, maana ndiyo yanayosahaulika.

3. Yaliyotokea Salt Lake City

Mwaka 1999 Jiji la Salt Lake City, Utah, liliuza kipande cha Main Street kati ya North Temple na South Temple kwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Bei ilikuwa dola milioni 8.1. Kanisa lilijenga uwanja mzuri wenye maua na maji, na Jiji likabakiza haki ya wapita njia. Lakini ndani ya makubaliano yaliwekwa makatazo: anayepita asihubiri, asiandamane, asigawe vipeperushi. Kanisa lenyewe liliruhusiwa kueneza ujumbe wake.

Kanisa la Waunitaria la mji huo na wenzao walifungua kesi. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ya shirikisho iliamua kwamba maadamu umma bado una haki ya kupita, njia ile ni jukwaa la umma na makatazo yale hayawezi kusimama. Mstari mmoja uliobakizwa kwenye mkataba ulitosha kulinda mdomo wa kila mpita njia.

Mwaka uliofuata Jiji likauachia mstari huo pia. Badala yake lilipata ardhi ya zaidi ya ekari mbili katika mtaa wa Glendale, upande wa magharibi wanakoishi wafanyakazi na wahamiaji wengi, pamoja na fedha za kujenga kituo cha jamii. Safari hii mahakama, mwaka 2005, iliukubali mpango. Kituo kilijengwa na watu wa Glendale wanakitumia. Uwanjani watu bado wanapita, ila sasa wanapita kwa hisani ya mwenye mali, na yeye ndiye anayeamua nini kisemwe pale.

Je, Salt Lake City ilipata au ilipoteza? Wajumbe wa kamati waligawanyika kuhusu bei. Kuhusu utaratibu walikuwa kauli moja: haki ya njia ni mali yenye thamani ya pesa na ya ardhi, na anayeiacha bila kuuliza inabadilishwa na nini ameitupa.

4. Yaliyotokea hapa kwetu

Mwaka 2012 Amazon ilipotaka vichochoro vya eneo la Denny Triangle ili ijenge minara yake, Baraza lilikubali, lakini kampuni ilibidi kununua behewa la tramu na kugharamia njia ya baiskeli. Kwa thamani ya ardhi ile, yupo atakayesema ni kidogo. Lakini waliokuja kudai walipata kitu.

Mwaka huohuo ulipitishwa mpango wa kuijenga upya Yesler Terrace, nyumba 561 za umma zilizoanza kukaliwa miaka ya 1940, ambako familia nyingi za Afrika Mashariki zilipata makao yao ya kwanza katika nchi hii. Mitaa ya zamani ikaachiwa, mipya ikachorwa na kurudishwa kwa umma. Hapo mabadilishano yalikuwa ya njia kwa njia. Ni mfano wa kutajwa mbele ya Baraza kila mara mjenzi anaposema haiwezekani.

Na Baraza linaweza kukataa. Tarehe 2 Mei 2016, kwa kura tano dhidi ya nne, lilikataa kuachia kipande cha Occidental Avenue kwa ajili ya uwanja wa mpira wa kikapu, ijapokuwa wapenzi wa mchezo walikuwa wengi na wenye kelele. Kura moja ingegeuza uamuzi. Asije mtu akatuambia kwamba mambo haya huwa yamekwisha kuamuliwa kabla hatujafika.

5. Tusichukue uzoefu wa nyumbani ulivyo

Wengi wetu tumetoka miji ambako ugomvi wa barabara una sura nyingine. Kutoka Kimara hadi Kiluvya, jijini Dar es Salaam, mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kwa sababu zilisimama ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Alama ya X ya kubomolewa kwenye ukuta tunaijua. Kenya nayo, ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, hifadhi za barabara zikiwamo, ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria. Kwa hiyo tukisikia "Jiji linaachia mtaa" baadhi yetu huona wizi, na wengine huona kwamba ni jambo la wakubwa, la kukaa nalo mbali.

Hapa utaratibu uko wazi, jalada linasomwa na yeyote, na dakika za kusema hutolewa kwa aliyejiandikisha, awe raia au asiwe. Kasoro ni kwamba utaratibu wazi humfaa anayeufuata. Mjenzi ana mwanasheria wa kuufuata. Sisi tunao nyinyi.

6. Kamati inawaomba mfanye haya

(a) Ukiletewa karatasi ya saini, usitie siku hiyohiyo, hata kama aliyeileta ni jirani mwema. Omba nakala, iletwe kwa katibu.

(b) Kitembelee kichochoro chenyewe. Tazama mifuniko ya maji taka, nguzo za umeme, mlango wa nyuma wa duka, njia ya kiti cha magurudumu, mahali gari la taka na la zimamoto linapogeuzia. Uliza wazee na watoto wa hapo kama wanapita. Njia "isiyotumika" kwenye ripoti mara nyingi hutumiwa na wasiohesabiwa: anayesukuma toroli, mtoto anayekwepa barabara ya magari mengi akienda shule.

(c) Ukiona tangazo limebandikwa, piga picha na ulipeleke kwa katibu siku ileile. Siku 20 ni chache kwa watu wanaofanya kazi zamu mbili.

(d) Kwenye kikao tudai mambo matatu tu, kwa sauti moja: haki ya kupita kwa miguu saa zote, haki ya huduma za chini na za juu, na ruhusa ya kusema, kukusanyika na kugawa karatasi katika sehemu yoyote itakayoitwa uwanja wa umma.

(e) Ahadi ya mdomo isipokewe. Mchoro wenye miti na watoto wanaocheza usipokewe. Tunachotaka kiandikwe ndani ya uamuzi wa Baraza na katika makubaliano yanayosajiliwa kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti ya King, ili kimfunge hata atakayenunua jengo baadaye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya njia ni mali.

(f) Wenye nyumba mnaopakana na kichochoro, saini zenu ndizo zinazohesabiwa. Msizitoe kwa ahadi ya kupakiwa rangi ukuta. Kabla ya kusaini, shaurianeni na wapangaji wenu, kwa sababu wao ndio wanaopita humo kila siku.

Ndugu wanachama, kamati haiwaombi fedha wala maandamano. Inawaomba macho, saini zisizo na haraka, na watu wa kukaa kwenye viti vya ukumbi siku ya kusikilizwa. Mtaa ukishaachiwa bila masharti haurudi ila kwa kununuliwa, na sisi si watu wa kumudu bei hiyo. Kila mwanachama apeleke jina lake kwa mjumbe wa mtaa wake, aseme yuko tayari kwa siku gani na saa ngapi, ili jina la Baraza la Jiji likitajwa tena, tuwe tayari na wa kumtuma.

Wenu katika umoja,

Katibu, kwa niaba ya kamati