Ukuta wa Chekechea na Haki ya Kila Mtoto



Ndugu zetu wasomaji, na hasa akina mama, wiki hii tumeletewa suala na mwalimu wa kike anayesomesha chekechea huko Eldas, katika Kaunti ya Wajir. Asema apenda kutundika kazi za watoto darasani, lakini wazazi wamegawanyika. Baadhi waona ni kupoteza wakati kwa mapambo, na wengine wachelea picha. Naye mwenyewe hajui achague kazi zipi, kwani nafasi ni ndogo na watoto ni wengi. Jibu lake tumeliona lafaa kusomwa Lamu, Malindi na Mombasa pia.

Tuanze na hilo la mapambo. Watoto wengi wa Kisomali huanzia duksi, ambako huandika aya juu ya loho ya mbao kwa wino wa makaa. Wakishahifadhi, loho huoshwa ikaandikwa upya, kama ilivyokuwa katika vyuo vyetu vya pwani. Kufutwa kule si hasara, kwa kuwa makao ya aya ni kifua cha mtoto. Lakini mchoro wa mtoto wa miaka minne hauhifadhiwi kifuani. Ukitupwa, hakuna atakayejua mkono wake ulianzia wapi. Zitundikwe karatasi zake tatu kwa safu, kila moja na tarehe yake: ya kwanza ina mikwaruzo, ya pili ina duara, ya tatu ina alifu iliyosimama. Mama ambaye hakujaaliwa kusoma atatazama na kuelewa mwanawe amefika wapi, bila ya kumwomba mtu amsomee ripoti. Hilo si pambo, bali ni mwalimu kutoa hesabu ya amana aliyopewa.

Ama suala la kuchagua, hapa ndipo penye uzito. Tunakumbuka kisa cha Nuuman bin Bashir (Radhiya Allahu anhu). Baba yake alimpa kipawa, na mama yake, Bi Amra bint Rawaha, akataka Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) awe shahidi. Mtume akauliza iwapo watoto wengine nao wamepewa mfano wake. Alipoambiwa la, alikataa kushuhudia, akaamrisha watu wamche Allah na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mzazi na mali yake, basi mwalimu na ukuta asiomiliki ana hoja gani? Karatasi tano nzuri zikitundikwa na thelathini zikabaki sandukuni, watoto thelathini wamesomeshwa kila asubuhi, pasi na neno kutamkwa, kwamba kazi yao haina thamani. Nafasi ikiwa haba, zitundikwe kwa zamu, na kila mtoto awe na zamu yake.

Na kazi iwe ya mtoto mwenyewe. Mwalimu akiunyoosha mstari wa mtoto ili wageni wapendezwe, ameufanya ukuta useme uongo. Tena itundikwe usawa wa macho ya mtoto, si ya mkaguzi.

Kuhusu picha za viumbe wenye roho, wanazuoni wamehitilafiana. Wengi wamelegeza kwa watoto, kwa dalili ya wanasesere aliokuwa akichezea Bi Aisha (Radhiya Allahu anha) nyumbani kwa Mtume. Wazazi wasiporidhika, isiwe sababu ya ugomvi: kuna kisima, mti, mtungi na mwezi mwandamo vya kuchorwa. Upande wa kibla uachwe wazi iwapo darasani huswaliwa, kwani Mtume alimtaka Bi Aisha aliondoe pazia lenye picha lililomshughulisha katika swala. Karatasi yenye aya isiangushwe sakafuni wala kutiwa jaani, nayo yenye jina la Abdullahi au Abdirahman ina jina la Mola wetu ndani yake. Zikishaondolewa zichomwe, au zizikwe mahali safi.

Gharama nazo zisiwe kisingizio. Mpango wa elimu ya awali wa Madrasa ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waasisi wake, uliwafunza walimu kutengeneza vifaa kwa makaka ya kome, vifuu na mbegu, kisha ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Eldas haina kome wala vifuu, lakini ina mikeka. Tangu jadi wanawake wa Kisomali ndio wasukao mikeka ya kufunikia aqal, nyumba ipakiwayo juu ya ngamia wakati wa kuhama. Darasa lisilo na ukuta wa kubandikia, au lililo chini ya mti, na litundike mkeka mmoja, na karatasi zishikizwe kwa uzi, pasi na pini za kumchoma mtoto. Upepo wa vumbi ukija, mkeka hukunjwa na kazi zote zikasalimika.

Limebaki moja. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa kunyesha ipasavyo, mifugo ikafa na jamaa nyingi zikahama kutafuta maji. Mtoto wa mfugaji huweza kutoweka katikati ya muhula. Ewe mwalimu, usiharakishe kumpa mwingine nafasi yake. Iache karatasi yake mahali pake, jina lake lisomeke. Siku atakaporudi na vumbi la safari miguuni, akaiona, atajua kwamba alikuwa akingojewa. Pengine hilo ndilo litakalomfanya aketi tena.

Nasi wazazi, tunapowapeleka watoto wetu, tusipite mlangoni mbiombio. Tusimame, tuulize, "Yako ni ipi?" Kisha tuitazame.

Wabillahi tawfiq.