Kipande cha Wavu

Tumwonapo mchezaji hodari, ni nadra kujiuliza ataelekea wapi nguvu za miguu zikipungua. Dawn Staley wa Marekani hakungoja zipungue. Mwaka 2000, angali mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu, alikubali kuwafunza mabinti wa Chuo Kikuu cha Temple, mjini Philadelphia alikozaliwa. Kwa miaka sita aliyabeba yote mawili, na katikati yake akatwaa dhahabu ya tatu ya Olimpiki kule Athens. Sisi tunaolalamikia shughuli mbili kwa siku, tumetahayari kidogo.

Mwaka 2008 alihamia South Carolina, na taji la vyuo likaja 2017.

Katika mchezo huo, mabingwa huukata wavu wa kikapu wakauhifadhi. Carolyn Peck, naye mchezaji wa kulipwa wa zamani, alikuwa kocha mwanamke mweusi wa kwanza kulitwaa taji hilo, akiwa na Purdue mwaka 1999. Miaka mingi baadaye, Staley akiwa bado hajashinda, Peck alimpa kipande cha wavu wake, wala hakutaka ukarimu huo uishie kwake.

Baada ya kushinda, Staley hakumpa mmoja tu. Aliukata wavu wake vipande vipande, akawapelekea makocha wenzake, wanawake weusi wa vyuo mbalimbali. Baadhi yao walikuwa wapinzani wake, ambao wangeweza kumshinda.