Rangi ya kucha haina kosa, mkorogo ndio wenye kesi

Nilikuwa nyumbani Tarime kwenye harusi ya binamu yangu, ndiyo maana mlinikosa. Nimerudi na mengi, ila moja limenikaa kooni na nisipolitema leo litanisumbua. Ni habari ya rangi. Naam, rangi ya mdomo na rangi ya kucha. Wale mnaoamini kwamba mwandishi wa habari hapaswi kupoteza wino kwa mambo ya lipstiki, vumilieni kidogo. Tutaanzia kwenye kichupa cha rangi, tutapita harusini, na mwisho tutafika mpaka machimboni Nyamongo.

Kabla ya safari nilijipongeza kwa rangi za kucha za Lavy. Kwa wasioijua, ni za Flaviana Matata, yule binti mzaliwa wa Shinyanga aliyekwenda Mexico mwaka 2007 kutuwakilisha kwenye Miss Universe, akapanda jukwaani na kipara chake katikati ya manywele marefu ya wenzake, na akaingia kumi bora. Sitaficha, naipenda kampuni hiyo, na nusu ya mapenzi yangu ni kwa ajili ya kile kipara. Nusu nyingine ni kwa sababu rangi ni rangi kweli. Kuna zile za mtaani ambazo uzuri wake unaishia kwenye kichupa: unapaka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bado unaona ukucha wako chini unakuchungulia. Hii ninayoisema ukipaka mara mbili imeshika. Nikachukua damu ya mzee, na ili mambo yaende sambamba nikatafuta na lipstiki nyekundu iliyokolea.

Hapo kwenye kukolea niseme kidogo, maana wenye ngozi yangu wananielewa. Midomo yetu ina rangi yake tayari. Lipstiki hafifu ikikutana nayo inashindwa: au inapotea kabisa, au inageuka kijivu kama mtu aliyetoka kulamba majivu. Siku hizi nina jaribio langu dukani. Navuta mstari mmoja tu nyuma ya kiganja, si mitatu. Mstari mmoja ukisema "nyekundu" kwenye ngozi yangu, nanunua. Ukinong'ona, nairudisha.

Basi nikapanda basi Mwanza nimependeza. Tukavuka Mto Mara pale Kirumi, tukaingia Tarime mchana, nikafika nyumbani na kumkuta baba mdogo kakaa chini ya mti na wazee wenzake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hizo kucha vipi, umetoka kuchinja?"

Wazee wakacheka, nami nikacheka, utani wa baba ni baraka. Lakini baadaye akaniita pembeni, na safari hii hakuwa anatania. Akaniambia mwanamke anayejiheshimu hajipaki vile, watu wataniona nimeharibikia mjini, na nizifute kabla wageni wa upande wa pili hawajafika. Nikasema nimekusikia baba. Sikuzifuta.

Jioni bibi harusi akatoka ndani. Wadau, nilichelewa kumtambua. Huyu binamu yangu tumekua pamoja, ngozi yake ilikuwa nyeusi ya kung'aa, ile ambayo ukiipiga picha jua la saa kumi na moja inatoa dhahabu. Aliyetoka alikuwa na uso wa rangi ya chungwa. Ule usemi wa mtaani wa Fanta usoni, Coca-Cola miguuni, siku zote nilikuwa nauchekea. Siku hiyo haukunichekesha. Na baba mdogo, yule yule aliyenipa somo la heshima, akapiga makofi: "Huyu sasa ndiye bibi harusi! Ametakata!" Shemeji mmoja akaongeza kwamba angetakata mapema, wangeongeza na ng'ombe.

Sasa naomba mnisaidie wenzangu mliosoma. Mimi nimepaka rangi juu ya kucha zangu, nimeambiwa nimeharibika. Yeye ameunguza ngozi aliyozaliwa nayo, ameambiwa ametakata. Hiyo hesabu imepigwa na mwalimu gani?

Usiku nilimwomba anionyeshe anachotumia. Akatoa kopo la plastiki la siagi, halina lebo, ndani mna kitu cha rangi ya maziwa chenye harufu kali iliyofunikwa na manukato. Amechanganyiwa mjini. Anasema unachagua mwenyewe, kuna wa wiki mbili na kuna wa mwezi, kama anayechagua kifurushi cha simu. Nikamuuliza ndani mna nini. Hajui. Anadhani hata aliyemuuzia hajui, naye ananunua makopo na kukoroga. Ndiyo maana ukaitwa mkorogo.

Tusichojua ni kilichomo katika kopo lile. Tunachojua ni vitu ambavyo vimekuwa vikikutwa kwenye makopo ya namna hiyo. Cha kwanza ni haidrokwinoni, inayozuia ngozi kutengeneza melanini, yaani ule weusi wetu. Melanini si uchafu wa kutakata. Ni mwavuli, ndiyo inayotukinga na jua. Ukiutumia mkorogo huo muda mrefu, mwisho wake ni kichekesho cha uchungu: ngozi inaanza kutoa mabaka ya bluu-nyeusi, na yale mabaka hayatoki. Umekimbia weusi, umeupata ule usio na tiba rahisi. Cha pili ni dawa kali za steroidi, ambazo daktari humwandikia mgonjwa wa ngozi kwa siku chache na kwa kiasi. Mtu akizipaka uso mzima kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, inachanika michirizi na kidonda kinagoma kupona. Cha tatu ni zebaki.

Hapo kwenye zebaki ndipo ninapotaka watu wa Tarime na Serengeti mnisikilize, maana zebaki hatuambiwi na wageni. Tunaijua. Kaka yake bibi harusi ni mchimbaji mdogo Nyamongo. Anaponda mawe, anaosha, anachanganya zebaki ili ikamate chembe za dhahabu, kisha anachoma donge ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Ule moshi ndio sumu yenyewe. Hata nyumbani mama yake humwambia kila siku: mwanangu, vaa kitu mikononi, usichomee hiyo kitu karibu na watoto. Semina zimefanyika, mabango yamewekwa. Kila mtu mwenye akili anajua kwamba zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwamba mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi.

Lakini zebaki hiyo hiyo ikitiwa kwenye krimu, ikawekwa manukato, hakuna mama anayepiga kelele. Kaka akiishika kwa mikono apate dhahabu tunamwita mjinga. Dada akiipaka usoni apate sifa tunampigia makofi. Na haiishii usoni mwake. Inaingia kwenye taulo, kwenye mto wa kulalia, kwa mtoto anayembusu, na akioga inakwenda na maji. Maji ya kwetu yanaelekea Mto Mara, na Mto Mara unaelekea Ziwa Victoria, tunakovua samaki.

Mtasema mbona sheria ipo. Ipo, na si ya jana. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ni ya mwaka 2003, na TFDA ya wakati ule ilipiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivi. Mwaka 2019 TFDA ikawa TMDA, na kazi ya vipodozi ikahamia TBS. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki nao ulishaweka kikomo kwa vipodozi vya kung'arisha ngozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba kipodozi chochote kilichotiwa zebaki, hata kidogo, kiondoke ifikapo 2025. Makaratasi yamekaa vizuri kabisa. Kopo la siagi nalo limekaa vizuri kabisa, chumbani kwa bibi harusi.

Kwa nini? Jibu langu ni kwamba kwa miaka mingi tumekuwa tukipigana na vitu viwili kana kwamba ni kimoja. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze kazi Januari 1, 1969. Katika kapu moja wakatia vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Tazameni hilo kapu. Sketi fupi na sumu ya ngozi, kosa moja: kuvunja heshima ya utamaduni. Kilichofuata mnakijua, vijana wa kiume Kariakoo wakawaandama wasichana kwa ajili ya sketi. Miaka hamsini baadaye, Septemba 2018, Spika Ndugai akapiga marufuku wabunge kuingia ukumbini na kope na kucha za bandia. Afya ilitajwa, lakini kilichobaki midomoni mwa watu ni kucha za wanawake, siyo krimu za sumu.

Ukishaweka vyote kapu moja, mwenye mkorogo anapona. Maana hoja inakuwa ni maadili, na kwa maadili ya mtaani mwanamke mweupe aliyetulia ni mzuri kuliko mweusi mwenye kucha nyekundu. Hoja ya mkorogo haikupaswa kuwa maadili hata siku moja. Ni sumu. Basi. Sumu haiulizwi ina adabu au haina.

Na hasa sisi wa Mara tungekuwa wa kwanza kulielewa hili. Huku kwetu mwili wa binti umekuwa ajenda ya kikao tangu zamani. Kuna mabinti wanaokimbilia Masanga na Mugumu kutafuta hifadhi ili wasikeketwe, ingawa sheria ilikataza kuwakeketa wasichana wa chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Katika mazingira hayo, binti anayechagua mwenyewe kupaka kucha zake damu ya mzee amefanya jambo dogo sana, lakini ni lake. Mwacheni nalo.

Najua wapo watakaoniuliza: si ulisema mwili ni wake? Basi mwache ajichubue. Swali zuri. Jibu langu ni kwamba uhuru unahitaji lebo. Mtu akichagua kitu bila kuambiwa ndani mna nini, huko ni kupigwa, siyo kuchagua. Wala sisemi kila rangi ya kucha ni salama. Zipo zilizotengenezwa na formaldehaidi, ambazo si za kuvuta hewa yake kila siku, hasa dada zetu wa saluni. Lakini kichupa chenye lebo unakisoma, unakikataa, unamfuata aliyekitengeneza. Kopo la siagi utamfuata nani?

Wapo pia wanaosema tatizo ni wasichana wenyewe, hawajikubali. Nendeni Sirari mkazunguke maduka ya vipodozi kama nilivyozunguka mimi. Niliomba poda ya rangi yangu nikaonyeshwa tatu, zote za mtu mwingine. Niliyoijaribu ilinifanya nionekane nimeanguka kwenye gunia la unga wa muhogo. Muuzaji, kwa nia njema kabisa, akaniambia: "Dada, ukitakata kidogo hii itakukaa." Mmeona? Badala ya poda kufuata ngozi, ngozi ifuate poda!

Na wasituambie poda za weusi haziuziki. Fashion Fair ilianza Marekani mwaka 1973 kwa ajili ya wanawake weusi. Iman, Msomali aliyeonekana Nairobi mwaka 1975 akiwa mwanafunzi, alifungua kampuni yake ya vipodozi mwaka 1994 kwa kuwa alichoka kukosa rangi yake. Mwaka 2017 Fenty ya Rihanna ikatoka na rangi 40 za fandesheni kwa mpigo, na kampuni kubwa zilizokuwa zikilala zikakurupuka kuongeza za kwao. Biashara ipo. Wafanyabiashara wetu ndio hawajaamka.

Kwa hiyo madai yangu ni matatu. TBS waje Sirari, Tarime mjini na Mugumu, wasiishie kwenye maduka yenye risiti, waingie na wanakokoroga. Wenye maduka leteni rangi za watu mnaoishi nao. Na ninyi kina baba na kaka, hasa ninyi, acheni kusema "ametakata". Hilo neno moja linauza mkorogo kuliko tangazo lolote la redioni.

Ijumaa usiku, kabla ya harusi, binamu yangu aliniomba ile damu ya mzee nikampaka. Ilikaa vizuri. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa bado vyeusi, huwa vinagoma kuchubuka, na rangi ilipendeza pale karibu na vile vifundo kuliko mahali pengine popote mwilini mwake. Nilimwambia hivyo. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama akiacha itarudi. Sikuwa na jibu la uhakika, nikamwambia twende kwa daktari wa ngozi Mwanza baada ya fungate. Amekubali. Tarehe tumeshapanga.

Zangu nimezifuta jana, kwa pamba na asetoni, dakika mbili.